Dubu wa Bustani ya Michezo

Dada yangu mpendwa,

Sisi wazima, tulirudi jana kutoka bustani ya michezo. Joto lilikuwa la kukaanga, ila tulijipanga: kofia pana, nguo za pamba, chupa za maji ya barafu. Adhuhuri tulijibanza kivulini.

Watoto walimpenda sana dubu, yaani mtu aliyevaa manyoya mwili mzima ili awachekeshe. Walimrukia mgongoni mpaka akaanguka. Nilipomvua kile kichwa apate kupumua, nikamwona mumeo. Yule yule unayesema ni meneja wa pale.

Midomo ilikuwa imemkauka. "Shemeji, maji," akasema.

"Kwani meneja hana maji ofisini?" Wanangu wakacheka, nami nikajimwagia chupa yangu miguuni.

Akanishika gauni. "Tafadhali, dada yako asijue. Ni yeye tu anayeniheshimu."

Nikamwambia asijali. Wenzake wakambeba, sijui walimpeleka wapi. Barua hii nimeianza tukiwa bado njiani.

Nisalimie majirani, hasa wale uliowaonyesha picha yake akiwa amevaa tai.

Ni mimi mdogo wako, ninayekuwaza kila mara.