Nilisema Mia

Jumamosi, 14 Machi

Saa nne nimechomoa pikapu ya bluu, nikachomeka nyeupe. Nimefuta vioo. Watu wanachungulia getini kuona magari yasiyokunywa mafuta, nami nawaelekeza kama profesa. Shule niliishia kidato cha pili, ndiyo. Lakini nionyeshe mwingine Ifakara hii anayeshika ule waya wa chaji bila kutetemeka. Hayupo.

Nyeupe kioo chake cha dashibodi kimekufa tangu maji yalipoingia. Asilimia zinaonekana kwenye simu ya ofisi tu, na simu ninayo mimi. Kabla ya safari kaka Deo, dereva, ananiuliza ngapi. Nasoma. Yeye anaandika daftarini na kusaini. Mimi siandiki, maana anasema mwandiko wangu ni kama kuku kafukuzwa kwenye matope. Ndiye aliyenipa daftari hili nizoeze mkono. Haya, nazoeza.

Jioni nyeupe imejaa chaji. Nimewaambia wapakiaji kwamba jana nimeipeleka Malinyi na kurudi. Wamecheka. Wiki iliyopita niliwaambia Morogoro.

Jumapili, 15 Machi

Leo nimeendesha kweli.

Zamu yangu, ofisi tupu, wote kanisani. Ufunguo wa nyeupe upo msumarini. Gia hakuna, unakanyaga inaenda. Nimeenda Lipangalala, nikapita mara tatu mbele ya nyumba ya kina Zawadi, msichana niliyetaka anione. Hayupo. Na gari lenyewe halina sauti, hakuna aliyegeuka. Mbuzi mmoja tu. Kwa hasira nikavuka daraja mpaka Lupiro, kiyoyozi mwisho, nikageuza.

Nimerudi na asilimia thelathini na nane. Betri imechoka hiyo, nilisahau. Nimeosha matope, nikachomeka. Baada ya dakika kumi umeme umekatika.

Utarudi.

Jumatatu, 16 Machi

Haukurudi.

Asubuhi simu inasema arobaini na moja. Ya bluu ilishaondoka. Meneja na wageni wawili wanaenda Mlimba kuangalia mashamba ya mbegu. Kaka Deo keshakaa kwenye usukani, daftari gotini.

"Dogo, ngapi?"

"Mia."

Akaandika mia. Akasaini. Hakuniangalia hata usoni.

Nilijiambia itafika, na Mlimba kuna chaji nyingine. Uongo. Niliogopa kufukuzwa, basi.

Jumanne, 17 Machi

Haikufika. Imezimika mbele kidogo ya Mbingu, kwenye tope. Wamekwama saa nne nzima. Wageni walishuka na viatu vyao vya ofisini. Mwisho Msukuma mmoja akaleta maksai wanne, wakaivuta mpaka Mbingu, mtu akapiga video. Mji mzima umeshaiona. Wapakiaji wanairudiarudia na kulia kwa kicheko. Kaka Deo yupo kwenye usukani, kakaa wima, anatazama mikia ya ng'ombe.

Mara ya kwanza na mimi nilicheka. Mara ya pili nikaona uso wake.

Jumatano, 18 Machi

Ameitwa. Nilikuwa nafagia chini ya dirisha la Meneja, nimesikia yote. Meneja kafungua daftari. Mia, na saini. Anasema betri haiwezi kushuka hivyo, kwa hiyo dereva ameandika bila kuangalia. Akamuuliza kama alihakikisha mwenyewe.

"Dogo alisoma," kaka Deo akasema. "Na dogo kwenye namba hakosei."

Meneja akajibu kwamba saini si ya dogo. Basi. Miaka sita kazini. Katoka na bahasha, akanipita, akanigonga begani kama kila siku.

Mimi ni takataka.

Alhamisi, 19 Machi

Sijala.

Ijumaa, 20 Machi

Nimekwenda kwa Meneja. Nimemwamkia, nikasimama, nikasema yote: ufunguo, Lipangalala, Lupiro, arobaini na moja. Sijaongeza hata chumvi. Mara ya kwanza maishani mwangu.

Akaweka kalamu chini. Akauliza kama si mimi ninayeendesha mpaka Malinyi kila wiki. Akafungua dirisha, akawauliza wapakiaji kama Festo anajua kuendesha. Wakaangua kicheko. Mmoja akasema huyu hata toroli linamshinda.

Nikamwambia anipe ufunguo aone sasa hivi. Akasema asiye na leseni hagusi gari la ofisi. Nikasema kuna watu waliniona barabarani, akauliza nani. Nimewaza. Hakuna aliyegeuka.

"Una moyo mzuri, mwanangu, kumtetea kaka yako," akasema. "Lakini barua imeshatoka, na Jumatatu anaanza dereva mwingine."

Akanisifu. Nimekwenda kusema nimemuua mtu, nimerudi nimesifiwa.

Jumamosi, 21 Machi

Nimefika mpaka nyumbani kwake. Mlango umefungwa. Jirani anasema kaenda Mbingu kwa wakwe zake, palizi ya mpunga, hajui atarudi lini. Neema, mtoto wao mkubwa, kamfuata. Shule ameacha kwanza.

Namba ya kaka Deo ninayo. Nimeipiga, ikaita mara moja, nikakata.

Jumapili, 22 Machi

Mchana kaja mama Neema, mke wa kaka Deo, kasimama getini na bakuli limefunikwa kitambaa. Nikamwamkia. Habari ya Ijumaa imemfikia, wapakiaji wamesema mji mzima: Festo kaingia kwa Meneja akataka kujibebesha kosa. Wao wanacheka. Yeye hakucheka.

"Nimempigia kaka yako nikamweleza," akasema. "Amesema ofisi nzima ile, aliyemsemea ni wewe tu."

Nikasema shemeji, mimi kweli ndiye niliyeliendesha. Akatikisa kichwa, akasema inatosha, nimeshafanya vya kutosha, nisijiharibie na mimi.

Wali na kambale wa kukaanga. Akaketi kwenye tofali karibu na chaji, akasubiri bakuli lake.

Nimekula lote. Nimeliosha bombani, nikalipangusa, nikamrudishia kwa mikono miwili.