Mjukuu Wangu Ameniaibisha kwa Maombi

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kwa sababu nyumba yangu inagawanyika nikiangalia. Mimi ni mzee wa kanisa hapa karibu na Sotik, nimeomba na familia yangu kila jioni tangu nioe, na tamaa yangu ni moja tu, kwamba nikiondoka duniani wajukuu waendelee kuomba kama nilivyoomba mimi. Basi juzi watoto wote walikuwa nyumbani, na mchungaji pia, nikamwambia mjukuu wangu Chepkurui, ambaye ameng'oka meno ya mbele, aiombee chai ili mchungaji aone matunda ya nyumba hii, na mtoto akafumba macho, akakunja uso kama mimi, akatoa sauti nzito kama yangu, akasema, "Baba Mtakatifu, bariki chai hii ya maziwa ya ng'ombe wetu, na wewe Nyambeki ngojea huko nje, yako ni ya rangi, na usiguse kikombe cha wageni, Amina." Watu wakacheka mpaka mchungaji akamwaga chai, lakini Nyambeki, yule mama Mkisii anayetuchunia majani ya chai shambani, alikuwa mlangoni akinyeshewa, akaweka kikapu chini akaenda zake na hajarudi. Mke wangu akaniambia, "Baba Weldon, mtoto hakukosea hata neno," na Cherotich, mke wa mwanangu na mama yake Chepkurui, akasema hataleta watoto hapa tena, eti "wasije wakakomaa hivyo." Mshauri, mimi sijawahi kumtukana Nyambeki wala kumnyima chai, huo ni utaratibu tu wa nyumba, hata baba yangu aliufuata. Je, nimwadhibu mtoto, au nimwite mchungaji amkanye Cherotich? Wajukuu wakikatazwa kuja, imani yangu nitamwachia nani?

Mzee wa Kanisa, Sotik

Mzee, imani yako umeshamwachia mtu. Chepkurui anayo yote, na sauti nzito juu yake. Ulitaka aombe kama wewe, akaomba kama wewe, na sasa unatafuta kiboko! Ukimgusa huyo mtoto utakuwa umemfundisha somo la pili: kwamba anayesema kweli mbele ya mchungaji huchapwa.

Nakuhurumia. Kusikia ubaya wako ukitoka kwenye kinywa cha mtoto unayempenda kunauma. Lakini usiniletee habari za utaratibu. Ng'ombe wako wanakamuliwa uani, na mwanamke anayechuna majani yako kwa mikono yake anakunywa ya rangi kwenye mvua, huku wewe ndani umefumba macho ukimshukuru Mungu. Umefumba usione nini? Nimesoma vitabu vingi vya dini, vinene na vyembamba, na bado sijakutana na Kristo anayepanga watu kwa vikombe. Baba yako alikuachia jambo hilo, wewe ukalipaka Amina.

Mwache Cherotich. Hajawakataza watoto kuomba. Amewakataza kujifunza dharau. Na huyo mchungaji aliyecheka hana la kumkanya mtu.

Sasa fanya hivi. Nenda kwa Nyambeki wewe mwenyewe, mchana, majirani wakikuona. Mwombe Cherotich, kwa adabu, akuruhusu kwenda na Chepkurui. Usibebe sukari wala unga, kwa maana huendi kununua mtu. Usihubiri. Sema, "Nyambeki, nilikudharau, nikamfundisha na mtoto kukudharau. Nisamehe." Nyamaza hapo. Utasikia hamu ya kuongeza "lakini". Imeze.

Huenda akakusamehe. Huenda asikusamehe, wala asirudi shambani kwako, na hiyo ni haki yake. Usimtishe kwa hukumu ya Mungu. Sema, "Nimesikia, mama," kisha umshike mjukuu wako mkono mrudi nyumbani polepole, aone vile mzee Mkristo anavyotembea akiwa amekataliwa, na bado hana hasira.