Maziwa ya Kumwaga

Jumatatu, 4 Machi 1996
Nimekamua tena, nimemwaga. Maziwa mazito ya mwanzo, yote kwenye sinki la wodi. Mwanangu Amosi kalala na mpira puani, haruhusiwi hata tone. Nesi kanieleza: kiwambo kati ya kifua na tumbo kina tundu kubwa. Utumbo umepanda kifuani, unabana pafu. Akila utavimba, atakosa pumzi. Mimi mwalimu, naelewa haraka. Inauma vilevile.

Jumanne, 5 Machi
Mama mkwe kafika kutoka Ikola. Kamfunua mtoto, kaona tumbo limebonyea.
"Nyie mnamuua huyu kwa njaa!"
Wodi nzima ikasikia. Nikamwambia limebonyea kwa sababu utumbo haumo. Kanitazama kama mimi ni mchawi. Sijawahi kumpenda. Leo nimemchukia.

Jumatano, 6 Machi
Mama mkwe kaja na uji. Kijiko kilikuwa kimefika mdomoni kwa Amosi. Nimempiga mkono, uji ukamwagika. Jirani wa kitanda kasema, mama gani huyu. Amosi ananyonya hewa, midomo inatafuta. Nimegeukia ukutani. Baba yake yuko nje na baiskeli, haingii. Mwoga.
Tukimpeleka hospitali kubwa kwa treni, hatafika hata Kaliua akiwa hai. Daktari mpasuaji anakuja kesho kwa ndege ndogo, mvua ikiruhusu.

Alhamisi, 7 Machi
Ndege imetua. Wamempasua. Karudi hai. Hai!

Ijumaa, 8 Machi
Daktari kasema nimnyonyeshe. Nilipiga magoti. Mama mkwe akapiga vigelegele, wodi ikaitikia. Nesi hakuitikia. Alikuwa anatoa mpira puani, macho chini. Amosi akanyonya kidogo, akachoka, akatafuta tena.
Ndipo nikauliza, "Kwa hiyo amepona, dokta?"
Kiwambo upande mmoja hakikuwepo kabisa, kasema. Hakukuwa na nyama ya kushonea. Kavuta msuli wa tumbo, kaziba. Lakini pafu la upande ule halikukua, ni dogo kama haragwe. Halitamtosha.
"Mpe tu, mama. Mpe anachotaka."
Akaondoka kuwahi ndege. Amosi alikata roho jioni, ziwa likiwa mdomoni.

Jumapili, 10 Machi
Tulimzika jana. Mvua imekatika. Maziwa bado yanatoka, mama mkwe kanifunga kifua kwa kanga, kakaza vizuri. Anawaambia wanaokuja kutoa pole kwamba mjukuu wake alikufa ameshiba, na kwamba ni yeye aliyenilazimisha kumpa. Si kweli. Nimemwacha aseme.