Dawa ya Pamba Mgongoni mwa Karani

Bariadi,
9 Juni 2024

Mdogo wangu mpendwa Kornelia,

Leo imetimia miaka arobaini na moja na miezi miwili tangu niondoke Lamadi. Mwangaluka, kama tunavyoamkiana kwetu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limeacha kukusumbua, na dagaa wako wanakauka vizuri. Mimi ni mzima wa mwili. Salamu zako nilizipata kwa mwanao Felisita, kwamba mmenitengea kiwanja karibu na kaburi la baba, mnataka nirudi nizeekee nyumbani. Nimeshukuru sana. Ningeweza kukujibu kwa simu, lakini simu yako husikilizwa na nyumba nzima, na haya nataka uyasome peke yako.

Nianze na paka wangu. Bila shaka unamkumbuka Karani, yule wa kijivu uliyemcheka ulipokuja kwenye msiba wa mke wangu, ukasema anakalia madaftari yangu kama karani wa mizani siku ya kununua pamba. Wiki tatu zilizopita alibadilika. Aliacha kuruka dirishani. Ukimgusa mgongo alilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na siku moja aliniuma kidole gumba hadi damu. Masikio yalimchezacheza, ngozi ya mgongo ikamtetemeka kama ya ng'ombe anayefukuza nzi, na mate yakawa yanamdondoka. Mwisho akajificha nyuma ya gunia la mpunga, asitoke hata kwa kichwa cha sato.

Jenipha, mke wa mwanangu, ninayeishi naye, alisema mnyama haugui hivyo bure. Akanikumbusha kwamba kila asubuhi Karani alikuwa akila dagaa kwa Milembe, yule mjane wa nyumba ya pili anayepika vitumbua. Nikamwambia aache maneno. Alinijibu kwa heshima, lakini huku akikaza khanga kiunoni, kwamba baba, ninyi wasomi mnasubiri ushahidi mpaka kaburi lichimbwe. Jioni ile maneno yakafika bombani. Kesho yake vitumbua vya Milembe vililala, na watoto wakaonywa wasipite mlangoni kwake. Unajua huku kwetu bibi kizee mwenye macho mekundu ya moshi anavyotazamwa.

Nilimwita bwana mifugo, kijana aitwaye Keneth. Kwanza alicheka, akasema Mwalimu, tangu niajiriwe nimeitwa kwa ng'ombe, mbuzi na punda. Paka ni wa kwanza, na huyu hata pembe za kumshikia hana. Lakini alimpima kwa makini. Akaniuliza kama mnyama amepakwa dawa yoyote. Nilisema hapana. Akauliza tena, akitazama mikono yangu. Nilisema hapana. Basi, akasema, huenda ni sumu aliyoila mahali. Jenipha alilisikia neno hilo akiwa mlangoni, na likamtosha.

Kornelia, dawa nilimpaka mimi. Karani alikuwa na viroboto, na kwenye chupa ilikuwa imebaki dawa ya pamba niliyopulizia ekari yangu. Nikajiambia ng'ombe tunamwogesha josho akapona kupe, sembuse paka? Nikachovya kitambaa, nikampaka kuanzia shingoni hadi mkiani. Alipoanza kujikuna na kutetemeka nilidhani viroboto bado wapo, nikampaka mara ya pili. Mimi, niliyekuwa nikiwasomea wakulima wa kata nzima maandishi ya kwenye chupa hizo hizo.

Yalipoanza kutoka mate ndipo nilipoelewa, kwa sababu nilikwisha kuyaona. Aprili 1983 ndama wanne wa baba walikufa asubuhi moja, wakitetemeka na kudondosha mate vivyo hivyo. Mimi ndiye niliyewapulizia dawa ya kupe siku iliyotangulia. Nilikuwa na haraka ya kwenda mpirani, nikaichanganya kwa kukisia, bila kupima. Watu wakasema ni jicho la shangazi Kabula, na baba akamfukuza. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Ulimshika gauni hadi barabarani, kwa kuwa ndiye aliyekulea tangu mama afariki. Nilisimama zizini nikatazama. Umewaambia wanao kwamba mjomba wao aliondoka kwa uchungu wa shangazi kufukuzwa. Niliondoka kwa sababu nilishindwa kuishi nyumba moja na wewe. Shangazi alifia Mwandoya, kwa watu baki, na nilijua alipo.

Safari hii nilinyamaza siku sita. Siku ya saba Kasmiri, mwenyekiti wa mtaa, aliitisha kikao cha kumjadili Milembe. Nikasimama na chupa mkononi, nikasema yote. Nilidhani kusema kunatosha. Wengine walicheka, wengine wakanong'ona kwamba bibi amekwisha kumroga na mzee. Jenipha hakusema nami siku mbili. Milembe mwenyewe alinifuata njiani akaniambia, "Asante, Mwalimu. Lakini ungesema kabla unga wangu haujachacha."

Keneth alirudi, akamwogesha Karani kwa sabuni na maji ya vuguvugu. Sasa anakula, wala hatetemeki. Ila nikinyoosha mkono anajikunyata, na sijui kama ni maumivu yaliyobaki au ni kwamba amenijua.

Kila asubuhi nabeba kiti changu nakwenda kukaa kwa Milembe. Nanunua vitumbua, navila pale pale watu wakiniona. Juzi walinunua watu wawili, jana wanne. Nikiuhama mtaa huu, hata kama nitaaga nyumba kwa nyumba na kupanda basi mchana kweupe, watasema ameniondoa yeye. Na baada yangu sioni nani atakaa pale.

Ukimaliza kunikasirikia, kama utamaliza, waambie wanao ukweli wa shangazi yetu. Nakuomba hilo kabla ya msamaha.

Nisalimie shemeji Zengo, Felisita na wadogo zake, na wale wavuvi wa mwaloni wanaonikumbuka bado. Kiwanja mpeni Felisita. Mimi sitarudi.

Kaka yako,
Nathanael Mayige