Nimemwacha Mke Wangu kwa Sababu ya Treni ya Kuchezea

Mpendwa mshauri, nakuandikia nikiwa nimekwama, naomba uninasue. Nilikuwa dereva wa treni mpaka tulipopunguzwa kazi, tukaambiwa reli inaandaliwa kwa ajili ya wawekezaji, nikarudi kwangu Chang'ombe hapa Dodoma nikawa mtu wa kushinda barazani, ndipo mdogo wangu Abdulrahim aliyeko Ujerumani akaniletea treni ya kuchezea, ya umeme, mfano wa zile za abiria zinazokwenda kasi huko, nyeupe, pua imechongoka, madirisha yanawaka taa, nikatandaza reli zake sebuleni, na tangu hapo nashinda kifudifudi sakafuni nikiitazama inavyokata kona, majirani wakipita wananiita dirishani, "Dereva, umefika Tabora?" nami nacheka huku moyo unauma, maana hapo sakafuni tu ndipo bado naitwa dereva.

Mke wangu Ikram ni mjamzito, na alinivumilia sana. Siku moja umeme uliporudi baada ya mgawo, akachomoa waya wa treni ili achomeke pasi anyooshe nguo za mtoto tunayemtarajia. Nikafoka, "Rudisha!" Akanijibu, "Baba Salwa, treni yenyewe haishushi hata abiria mmoja. Niachie umeme kidogo." Nami, Mungu anisamehe, nikamwambia, "Nimekuacha." Talaka moja. Akafunga mzigo wake, akamshika binti yetu Salwa mkono, wakaenda kwao Kondoa.

Kaka yake Bushiri amekuja kuniambia, "Shemeji, mfuate mwenzio, lakini kwanza uza hilo dude." Kuliuza siwezi, na kwenda bila kuliuza naona haya. Najipa moyo kwamba eda ni miezi mitatu na huu ni wa pili tu, muda wa kumrejea upo. Nifanyeje?

Shaaban, Chang'ombe

JIBU

Shaaban, pole. Mtu aliyefikisha watu salama usiku na mchana hatupwi kama ganda la muwa, na hao wanaotuhubiria soko huria waje wakuangalie hapo sakafuni, kisha watuambie nani kanufaika. Nipo upande wako katika hilo, na nitapiga kelele mpaka sauti inikauke. Lakini hasira ya wakubwa umemmwagia mwanamke aliyetaka kunyoosha nepi! Ikram hakukupunguza kazi.

Na nani kakufundisha eda? Miezi mitatu ya nini? Mkeo ana mimba! Eda ya mjamzito inakwisha anapojifungua, iwe mwezi ujao, iwe leo jioni. Mtoto akishazaliwa huna tena haki ya kumrejea. Utaposa upya, utafunga ndoa upya, naye ana haki ya kukukataa mbele ya wazee. Wewe unahesabu miezi, yeye anahesabu uchungu.

Treni usiiuze. Ni zawadi ya ndugu yako, haina kosa. Ing'oe sebuleni, ifunge kwenye boksi lake, Bushiri ukamweleze hivyo uso kwa uso. Ukimaliza kusoma hapa nenda msikitini, tamka mbele ya mashahidi wawili kwamba umemrejea mkeo, halafu panda basi la kwanza la Kondoa. Usitume mtu.

Gazeti hili huenda limekufikia umechelewa. Nenda hata hivyo. Ukikuta kazaa, usidai kitu. Omba ruhusa umwadhinie mtoto sikioni, umrudishe kwa mama yake, kisha muulize Ikram kama bado anakutaka. Akisema hapana, mshukuru, utoke taratibu.