Mwaka Mmoja Bila Nani Kwanza

Mwaka mmoja sasa umetimia, baba, tangu paa la ghala la chakula likuangukie kwenye kambi ya waliokimbia mafuriko. Saa yako bado iko juu ya kabati. Hakuna anayeigusa, na wala hatujui tunangoja nini.

Wauguzi na matabibu uliowafundisha walikuita Nani Kwanza, maana hilo ndilo lilikuwa swali lako kila majeruhi walipokuwa wengi na mikono michache. Hata nyumbani chakula kikiletwa ulituuliza hivyo hivyo, kisha ukajipakulia mwenyewe. Tulikuzomea, nawe ukatafuna bila wasiwasi.

Siku za mazoezi ulitubeba sote tuwe majeruhi wako. Sisi watoto tulipakwa rangi nyekundu tukapiga mayowe. Mama ulimpa kazi ya kuwa maiti, eti ndiye pekee hapa nyumbani anayeweza kunyamaza. Alikununia njia nzima ya kurudi.

Katika zoezi moja, muuguzi mmoja alimkagua mama, akamfunga utepe mweusi, alama ya aliyekufa, akaenda kwa wengine. Kisha roho ikamsuta, akamrudia. Ulimgombeza mbele ya wenzake.

"Asiyepumua mwache, binti yangu. Ukimrudia huyu, unamuua yule."

Siku ya ghala, muuguzi huyo huyo ndiye aliyekufikia. Alikufungua njia ya hewa, hukupumua. Akakufunga utepe, akaenda kwa waliokuwa wakilia, na hakurudi. Baadhi yao wako hai hadi leo.

Mama hakulia msibani. Alisema tu, "Alimpita." Muuguzi alipokuja kutupa pole, hakumfungulia mlango. Mwaka mzima amekuja, mwaka mzima amerudishwa, na sisi tukatazama tu. Mioyo ilikufa ganzi.

Wiki hii mama alimfungulia. Hakumwambia hata aketi.

"Ulitaka kumrudia?"

"Nilitaka sana, mama."

"Mbona hukurudi?"

"Alinikataza. Nawe ulikuwepo."

"Kweli, nilikuwepo," mama akasema, akamsogezea kiti. Ndipo mama akalia, kwa mara ya kwanza.

Unakumbukwa na mkeo, dada yako mkubwa, shemeji zako, wajukuu, na wanao: kifungua mimba, mapacha, kitinda mimba, na muuguzi aliyekupita. Mama ndiye aliyetaka aandikwe hapo, kwenye mstari wa watoto.

Tutakukumbuka daima, sote.