Nani Anaiita Linganisha

Jumatatu, 4 Machi
Maabara saa mbili. Chai haikunyweka. Programu yangu ya rejista ya damu imeganda tena. Unaandika jina la mgonjwa, inatakiwa itoe kundi lake la damu. Leo dakika nne. Mama Rehema, mkuu wa maabara, alikunja mikono akisubiri. "Mwanangu, hii mashine yako inalala kuliko mlinzi wa geti." Nilicheka. Sikuwa na cha kuchekea. Kadi za zamani za makundi ya damu tulizichoma Januari, wazo langu. Na mke wangu Mwanaidi anajifungua hapa hapa hospitalini ndani ya wiki mbili. Uzazi wa kwanza alitoka damu mpaka midomo ikawa myeupe. Naogopa.

Jumanne, 5 Machi
Nimeweka programu ya kupima, ile inayoonyesha muda unaishia wapi. Karibu wote unaliwa na "linganisha", kipande kidogo kinacholinganisha majina mawili. Lakini kinaitwa kutoka sehemu ishirini. Nani anakiita? Hapo palitakiwa pawe na mnyororo wa miito, nani kamwita nani mpaka mwanzo. Patupu. Nimepima mara sita. Patupu.

Jumatano, 6 Machi
Mama mmoja wa Lukozi katoka damu baada ya kujifungua. Mashine ikaganda. Mama Rehema hakusubiri, alipima kundi upya kwa mkono, akakimbia wodi ya wazazi. Kapona, kwa bahati tu. Mama Rehema hakunitania. Hilo limenitisha zaidi.

Nyumbani nimemwambia Mwanaidi akajifungulie hospitali ya Bumbuli. Kauliza kwa nini. Nimesema barabara. Uongo wa kijinga, ya Bumbuli ndiyo mbovu zaidi.

Alhamisi, 7 Machi
Shikamoo yangu Mama Rehema kaiitikia akiangalia pembeni.

Nimempigia Joseph, niliyesoma naye Dar. Swali moja tu: "Ulipoijenga, uliiagiza iondoe alama za kurudi?" Kipande kikiita kingine huacha alama ya kurudi, na kipimo hufuata alama hizo. Mimi nilizitupa ili programu iende mbio kidogo kwenye kompyuta hii kuukuu. Tena nilijisifu.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeijenga upya, alama zote zimo. Mnyororo umetokea, mrefu, wazi. Anayeiita linganisha ni "tafuta", na tafuta nimeiandika mimi. Inagawa majina kwa herufi tatu za mwanzo za ukoo, kama mafungu ya nyanya sokoni. Nilijifunza hivyo Dar, nikaijaribu kwa majina ya kubuni ya kila kabila. Hapa ni Shekiondo, Shemweta, Shemdoe. Nusu ya Lushoto iko fungu moja, na mashine inalipekua lote, jina kwa jina. Mwanaidi yumo humo. Mimi mwenyewe nimo. Msambaa mzima nimesahau majina ya kwetu.

Nimegawa upya kwa jina zima. Sekunde moja.

Jumatano, 20 Machi
Mwanaidi kajifungua saa nne asubuhi. Mtoto wa kike. Damu ilitoka. Mama Rehema aliandika jina, kundi likatokea hajakaa vizuri kitini. Chupa moja ilitosha.

Mchana nimemweleza Mwanaidi yote. Kadi, alama, fungu la akina She, yule mama wa Lukozi, uongo wa barabara. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka dirishani. Baadaye kasogea kidogo, akanipa mtoto nimshike.